Wito wa Kisimani

Tumeulizwa swali. Tulilipokea darasani baada ya sala ya Alasiri, mbele ya watu, na jawabu tuliyoitoa siku ile ilikuwa mbovu. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kulijibu tena katika karatasi hii, ili yule aliyesikia kosa asikie na marekebisho yake.

Muulizaji ni kijana wa Kiorma kutoka kijiji kimoja karibu na Garsen. Huja mjini kwa biashara ya mbuzi, na akipata nafasi huhudhuria darasa. Alieleza kwamba usiku mmoja ng'ombe wa ami yake waliingia katika shamba la mpunga la Mpokomo mmoja, Mkristo, wakala na kukanyaga mpaka hapakubaki ila matope. Yeye aliona. Aliona pia kuwa ng'ombe wale hawakupotea njia, bali walifunguliwa na kuelekezwa. Mwenye shamba akashitaki kwa wazee. Wazee walipokaa, ami yake akakana, na jamaa wakamwambia kijana anyamaze, kwani haifai kumtoa Mwislamu kwa ajili ya kafiri. Akanyamaza. Tangu siku ile hapati usingizi, na ataka kujua: je, kunyamaza kwake ni dhambi?

Tulimjibu kwa haraka ya mtu anayetaka kufunga kitabu. Tulisema kwamba kumsitiri Mwislamu ni jambo lenye thawabu. Akashukuru, akaondoka. Hakuwa amefika mlangoni moyo wetu ulipotuambia kwamba tumelitia neno la haki mahali pasipo pake.

Wasomaji wetu wengi ni watu wa miji, na Garsen waijua kwa kuipita. Ni pale njia ya Malindi kwenda Lamu inapokutana na njia itokayo Garissa na Hola. Basi husimama, watu hununua vitu vyao, kisha huondoka. Wachache ndio waliopata kushuka na kuuliza ni akina nani wanaokaa pale. Basi na tueleze kidogo, kwani mtu aliye mbali na jambo hulihukumu kwa jina lake tu.

Mto Tana, kabla ya kumwaga maji yake baharini Kipini, hutawanyika katika bonde pana la nyasi, mabwawa na mikoko. Ukingoni hukaa Wapokomo, wakulima wa mpunga, ndizi na maembe, ambao kilimo chao hufuata maji ya mto yanapopanda na kushuka. Nyuma yao, nyikani, hukaa Waorma, watu wa ng'ombe, na pamoja nao Wardei. Mvua zikikatika huko nyikani, hawana pa kuwapeleka wanyama wao ila bondeni. Njia za kuwafikisha ng'ombe majini huitwa malka. Mashamba yamesimama kando ya mto kama ukuta, na malka ndiyo milango ya ukuta ule. Mkulima akilima mlangoni, ng'ombe hufa kwa kiu; mfugaji akipita pasipo mlango, watoto wa mkulima hulala na njaa. Serikali nayo ilichukua sehemu ya bonde kwa mradi wa mpunga wa TARDA, ambao mafuriko ya El Nino ya 1997 yaliuharibu, na ardhi ikazidi kuwa finyu. Ilipojaribiwa kupimwa ili watu wapewe hati, wafugaji wakaogopa kufungiwa maji milele, na mwaka wa 2001 damu ikamwagika. Hiyo ndiyo asili ya ugomvi, na mwenye kuitafuta asili yake katika msikiti au kanisa hatayaona maji yaliyo mbele ya macho yake.

Tena tuitazame hiyo tofauti ya dini imekujaje. Wamisionari wa Kimethodisti walipofika Golbanti katika miaka ya 1880, waliowataka hasa hawakuwa Wapokomo. Waliwataka Waorma, ambao siku zile wakiitwa Wagala. Mwaka wa 1886 Wamasai waliivamia Golbanti, wakamwua mmisionari Houghton na mkewe pamoja na watu waliokuwa nao. Baadaye kidogo Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakakaa Ngao. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha walivyokusudia wale wa kwanza: waliowasikiliza walikuwa wakulima wa mto wa chini, na wafugaji hawakuwajali. Wapokomo wa mto wa juu walisilimu, na Waorma nao wakasilimu, jamii nzima, katika miongo ya kwanza ya karne iliyopita. Hivyo leo Waorma ni Waislamu, na Wapokomo wamo Waislamu na wamo Wakristo, lugha yao moja, koo zao moja, na mara nyingine ndani ya nyumba moja mkubwa aenda msikitini na mdogo aenda kanisani.

Sasa tuulize. Lau wale Wamethodisti wangalipata walichokitaka, Waorma wakawa Wakristo na Wapokomo wote wakawa Waislamu, je, malka zingalikuwa pana zaidi? Ng'ombe wangalipungua kiu? Ugomvi ungalikuwa ule ule, shamba kwa shamba na fahali kwa fahali, ila sisi tulioko miji ya pwani tungaliwahurumia wakulima pale tulipowahurumia wafugaji. Jambo hili latutisha tukilifikiri. Maana yake ni kwamba huruma yetu haikuwa ikifuata haki hata kidogo; ilikuwa ikifuata jina.

Wala tusijifanye kuwa twawapenda sana hao Waorma tunaowaita ndugu zetu. Babu zetu wa Lamu na Malindi wakiwaogopa, na katika vinywa vya watu wa mjini jina la Mgala lilikuwa tusi la mtu asiye na ustaarabu. Mpokomo naye tulimwona ni mtu wa mtoni tu. Twakumbuka undugu wa Kiislamu wa Mworma siku anapogombana na Mkristo. Siku anapokuja kuomba chumba cha kupanga mjini, twaukumbuka ugala wake.

Mwaka wa 2012, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, moto uliwaka bondeni. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri. Waliuawa watu zaidi ya 50, Waorma, wengi wao wanawake na watoto, wengine wakachomwa ndani ya nyumba zao. Tarehe 7 Septemba wakauawa Wapokomo Chamwanamuma. Siku tatu baadaye Kilelengwani watu 38 wakapoteza roho zao, tisa kati yao wakiwa askari polisi. Mnamo Desemba ikawa Kipao, na Januari vijiji vingine. Haya yalikuwa mauaji ya kulipizana, na kila waliouawa upande mmoja walifanywa hoja ya kuua upande wa pili.

Hapa hatuna budi kujishuhudia nafsi zetu. Siku habari za Kilelengwani zilipofika, tulikuwa tumekaa barazani, na neno la kwanza lililotutoka, kabla ya kusema Inna lillahi, lilikuwa swali: "Ni wetu au ni wao?" Na aliyeleta habari alitujibu kwa swali jingine: "Wetu ni akina nani, sheikh?" Alikuwa Mpokomo Mwislamu. Hatukuwa na la kumwambia. Tulikuwa tumekwisha kugawa maiti mafungu mawili, na yeye hakuwamo katika fungu lolote.

Basi ndipo tulipokumbuka kisa ambacho tumekisomesha mara nyingi pasina kukiona.

Katika vita vya Bani Mustaliq, Waislamu walipiga kambi penye kisima kiitwacho Muraisii. Watu wawili wakasongamana kuteka maji, mmoja katika watumishi wa Sayyidna Umar, wa pili mtu wa upande wa watu wa Madina. Wakapigana. Mmoja akapiga ukelele kuwaita Muhajirina, na wa pili akawaita Ansari, na watu wakakaribia kushikiana panga. Mtume (s.a.w.) alipousikia ukelele ule alikasirika, akauliza ni wito gani huu wa kijahilia, akawaamuru wauache kwa kuwa ni kitu kinachonuka.

Tuyaangalie majina yale mawili. Muhajirina na Ansari si majina ya masanamu wala ya makabila ya kale. Ni majina matukufu, Mwenyezi Mungu mwenyewe amewasifu wenye majina hayo katika Qur'ani, na hakuna Mwislamu asiyetamani kuwa mmoja wao. Walakini jina lile lile tukufu, lilipotumika kisimani kuwakusanya watu wa upande mmoja pasi na kuuliza ni nani aliyemsukuma mwenziwe, liliitwa jahilia. Mtume hakuwaambia waache kuwa Muhajirina au Ansari. Aliwakataza ule wito. Na ugomvi wenyewe ulikuwa wa maji.

Tazama pia aliyefurahi. Abdullah bin Ubayy, mkubwa wa wanafiki, alikishika kisa kile cha ndoo moja ya maji akakifanya siasa, akasema kwamba wakirudi Madina mwenye nguvu atamtoa aliye dhalili. Kila kisima kina Ibn Ubayy wake. Yeye hashiki jembe wala hachungi ng'ombe, na maji yake hayatoki katika kisima kile. Lakini watu wakiitana kwa majina ndiye anayepata.

Sasa twaweza kusema yale tuliyokusudia. Wako watu wema wanaotuambia kwamba ili chuki iishe tuweke dini kando, Mwislamu na Mkristo wakutane kama kwamba hawana dini. Twawaheshimu, lakini twaona wamekosea mahali pa ugonjwa. Sisi hatusemi kuwa dini zote ni moja, wala hatumtaki Mkristo wa Ngao aseme hivyo. Tofauti iliyopo ni kubwa, na kila mmoja ataulizwa juu yake mbele ya Mola wake. Tunachotakiwa kuweka kando ni dini iliyofanywa wito wa kisimani, ambayo kwa kweli si dini tena. Hiyo ni kabila lililovaa kanzu, na upande wa pili ni kabila lililovaa msalaba. Mtu aweza kuwa hajasali mwaka mzima, na siku ya ugomvi wa malka akawa wa kwanza kupiga takbiri. Tumewaona.

Watu waliokataa wito wa namna hiyo twawajua pia. Mto Tana kabla ya kufika Garsen hupita Garissa, na huko tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika chuo kikuu, wauaji wakiwatenga wanafunzi Wakristo. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Juni, wauaji waliingia Mpeketoni wakiuliza watu dini zao. Kisha tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakaamriwa wajitenge. Hawakujitenga. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na wanaume wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja katika wao, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Watu wale hawakuiweka dini yao kando hata dakika moja. Waliulizwa: nani Mwislamu? Nao wakaona kuwa jawabu ya Kiislamu ya swali lile, mahali pale, ni kutolijibu.

Turudi kwa kijana wetu, maana hapo ndipo palipo pazito kwetu. Kufa ndani ya basi pamoja na Mkristo ni jambo la saa moja, na Mwenyezi Mungu humpa nguvu amtakaye. Kusimama mbele ya wazee na kumtia ami yako makosani kwa ajili ya mpunga wa Mkristo, kisha ukarudi kulala katika boma lile lile, ni kazi ya miaka.

Wafasiri husimulia kwamba Madina mtu mmoja, Tu'ma bin Ubairiq, aliiba deraya, na alipoona atajulikana akaiweka katika nyumba ya Myahudi. Jamaa zake wakamwendea Mtume (s.a.w.) wakimtetea, wakisema kwamba asipomtetea mtu wao ataangamia na Myahudi atatoka salama. Walikuwa Waislamu, wana maneno mazuri, na deraya imeonekana kwa Myahudi. Kwa dhahiri ya mambo yalivyo, ilikuwa karibu hukumu ielekee kwao. Zikashuka aya katika Suratun-Nisaa kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wahaini na kumtoa Myahudi katika lawama. Na siku zile hali baina ya Waislamu na Mayahudi wa Madina haikuwa ya mapenzi. Mtu angaliweza kufikiri kuwa wakati haukuwa wa kumwaibisha Mwislamu mbele ya mahasimu. Wahyi haukungoja wakati mwingine, na aya zile twazisoma katika sala mpaka leo. Katika Suratul-Maida nako tumeamrishwa kwamba chuki yetu kwa watu isitutoe katika uadilifu. Amri ile yawahusu hata watu tunaowachukia, licha ya jirani ambaye kosa lake ni kulima.

Ama lile neno letu la kumsitiri Mwislamu, ni neno la kweli, nasi ndio tuliolipotosha. Maulamaa wamebainisha kwamba kusitiri ni kwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, ambayo mtenda ameificha na haimdhuru mwingine. Penye haki ya mja mwingine hapana pazia. Mpunga ule ulikuwa mali ya mtu, na mtu yule ana watoto. Kuficha ushahidi juu yake ni dhambi ya moyo, kama tulivyofunzwa mwishoni mwa Suratul-Baqara, na haki yake haipungui kwa kuwa asali kanisani. Bali wako katika wanazuoni waliosema kuwa dhulma kwa asiyekuwa Mwislamu ni nzito zaidi, kwa sababu hatarajiwi kusamehe Akhera, na kwa sababu mwenye kudhulumu huifanya dini yake ichukiwe. Neno la kafiri lina maana yake katika elimu. Kulitumia kuwa ruhusa ya kulisha ng'ombe shamba la mtu ni wizi wa mali na wizi wa elimu pamoja.

Na ami yake je? Hapana mtu aliyemtakia mzee yule mema kuliko yule ambaye angemzuia asibebe mpunga ule hadi Siku ya Kiyama. Hadithi ya kumsaidia ndugu yako, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa, watu wote waijua nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba dhalimu asaidiwa kwa kushikwa mkono wake.

Twajua watakaosema: mbona Wapokomo nao hulima katika malka, na hakuna kijana wao Mkristo anayesimama kumshuhudia mwenziwe? Huenda ni kweli kuwa hulima, na huenda wako wanaosimama ambao habari zao hazitufikii. Kila darasa ina wanafunzi wake na kila kanisa lina watu wake. Padri wa kule akiandika juu ya malka zilizozibwa, sisi tutafurahi kusoma. Lakini hatuwezi kungoja aandike yeye kwanza ndipo sisi tusome Suratun-Nisaa.

Tulimtuma mtu amtafute kijana siku ya soko, akamleta. Tukamwambia mbele ya watu wale wale waliosikia jawabu ya kwanza kwamba tulikosea, na kwamba ushahidi ule ni deni juu yake. Tukamsomea na kilichobaki cha kisa cha Muraisii, ambacho hatukukieleza juu. Aliyeyasikia maneno ya Ibn Ubayy na kuyapeleka ni kijana mdogo, Zaid bin Arqam, na Ibn Ubayy alikuwa mkubwa wa kabila lake mwenyewe. Ibn Ubayy aliapa kuwa hakusema, akasadikiwa. Zaid akakaa nyumbani kwa huzuni ambayo hakupata kuwa na mfano wake, na ami yake akamlaumu kuwa amejitafutia kuchukiwa. Ndipo iliposhuka Suratul-Munafiquna kumsadikisha. Kijana wetu alisikiliza kimya, kisha akauliza kama siku hizi hushuka kitu. Tukamwambia hapana.

Alikwenda kwa wazee akasema aliyoyaona. Fidia ikakatwa, ikalipwa kwa kunung'unika. Ami yake hasemi naye tangu mwezi wa Shaabani. Alipotuuliza afanyeje, tulimweleza kuwa haifai Waislamu wawili kuhamana zaidi ya siku tatu, na aliye bora katika wao ni anayeanza kwa salamu. Siku ya Idi akaenda, akasimama mlangoni, akatoa salamu, haikujibiwa. Ametuambia kuwa atakwenda tena Ijumaa.